Mtu wa Kuandikwa

Jumanne, 5 Machi

Mvua imeanza leo bila hata kubisha hodi. Nilikuwa nimeanika mashuka ya mama kwenye roshani, yale ambayo sijui niyafanyie nini tangu tumzike, na kabla sijaufikia mlango yalikuwa yamelowa chapachapa. Nimeyaacha hukohuko. Nani wa kuyalalia?

Kazi ya leo: maelekezo ya mashine ya kufulia. "Usiingize mkono ngoma ikiwa bado inazunguka." Sentensi hii nimeshaitafsiri kwa mashine za kampuni tofauti mpaka naiota.

Mchana nikafungua kamusi elezo. Niseme hapa, maana daftari hili ni jipya na halinijui: mimi ni msimamizi kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo kila mtu anaisoma na hakuna anayejiuliza nani anaifagia. Hatulipwi. Wengine wanaandika, na sisi wachache tunaamua kipi kibaki na kipi kifutwe. Mama alikuwa akinicheka. "Mwanangu, umekuwa hakimu wa watu usiowajua hata kwa salamu."

Leo kuna ukurasa mpya wa mwanamke aliyekuwa bingwa wa mbio za baiskeli zamani, ambaye sasa anafundisha udereva. Ni mistari sita. "Mama shujaa, hodari, mfano wa kuigwa." Hakuna chanzo hata kimoja. Mwenzetu Kifutio ameshaupiga muhuri: ujadiliwe, ufutwe. Zamu ya kufunga mijadala ni yangu, na huu utafungwa mwisho wa Aprili.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Kifutio ndilo jina analotumia mwenzetu huyo. Sijawahi kumwona wala kuisikia sauti yake, ila nimeandikiana naye maneno mengi kuliko niliyowahi kuzungumza na kaka yangu. Leo ameandika: "Kila mtu ana mama. Tukianza hivi tutajaza mama za watu."

Nimecheka peke yangu. Kicheko cha mtu mmoja chumbani kina sauti ya ajabu.

Jumapili, 10 Machi

Kaka amepiga simu.

"Dada, unakula?"

"Nakula."

"Unalala?"

"Nalala."

Nikasikia kwake pia mvua inapiga bati.

"Haya basi, tutaongea."

Alhamisi, 14 Machi

Mwandishi wa ule ukurasa amejitokeza. Ni binti wa huyo bingwa. "Shikamoo. Mnataka chanzo gani tena? Chanzo ni mimi, amenizaa." Anasema mama yake anatimiza miaka sitini mwaka huu, na alitaka siku hiyo amwekee simu mkononi amwambie, mama, jisome. Nyumbani kuna kikombe cha ubingwa juu ya kabati, na mama haruhusu mtu akiguse wala hasemi lolote kukihusu.

Nikamjibu kwa upole kwamba binti hawezi kuwa chanzo cha mama yake. Tunahitaji vyanzo huru: magazeti, vitabu, watu wasio na undugu naye, na wawe wamemwandika kwa kirefu, si kumtaja tu.

"Basi mwulize mwenyewe," akajibu, akanitumia namba.

Mwenyewe naye si chanzo huru. Kanuni hiyo naijua kama jina langu. Nikapiga hivyohivyo. Labda ni kwa sababu sauti yangu ilikuwa haijatumika tangu Jumapili.

"Mimi nafundisha kutwa," alisema yule mama. "Ukitaka kuongea na mimi, jiandikishe somo."

"Lakini mimi sina gari."

"Wanaokuja hapa wote hawana magari. Wenye magari wanajifunzia kwenye kuta za watu."

Jumamosi, 16 Machi

Nimeendesha gari leo! Au tuseme gari limeniendesha.

Mwalimu ni mfupi, mabega mapana, anakaa wima utadhani kiti kina misumari. Nilinyoosha mkono kwenye ufunguo akaupiga kofi dogo, kama la shangazi.

"Kiti kwanza. Vioo. Mkanda. Ukianza na ufunguo umeshakosea."

Tulizunguka nyuma ya maghala, barabara pana isiyo na watu, maji yakiruka pande zote. Gari likazima. Nikaliwasha, likazima tena.

"Nimeliua?"

"Halijafa. Limekukatalia tu. Ombi lako halikuwa na adabu."

Nilimweleza nilichofuata. Alisikiliza huku macho yake yako barabarani.

"Kwa hiyo huko kwenu, ili mtu awe mtu, anatakiwa afanye nini?"

"Si kwamba awe mtu, Mwalimu. Ni awe mtu wa kuandikwa."

"Hee! Kumbe tuko makundi mawili." Akacheka mpaka akajifuta macho. "Nimechukua ubingwa wa taifa mara tatu. Kaulize magazeti. Washa indiketa!"

"Nyuma hakuna mtu."

"Huwashi kwa ajili ya mtu unayemwona. Washa!"

Nimerudi nyumbani na maumivu ya mguu wa kushoto, mguu wa klachi. Nimeyafurahia. Ni muda mrefu sijaumwa na kitu nilichokifanya mwenyewe.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua. Nimepika, nimekula nusu.

Jumamosi, 23 Machi

Somo la pili. Nimeingiza gia ya tatu bila kelele, Mwalimu akasema, "Leo umeongea nalo vizuri." Akanisimulia walivyokuwa wakifanya mazoezi alfajiri, yeye na mwenzake mmoja, wakipokezana kukata upepo: huyu mbele, yule nyuma yake anapumzika, kisha wanabadilishana. Yeye na mwenzake. Hakumtaja jina.

Nilipokuwa nashuka akaniuliza, kana kwamba ni jambo dogo tu, "Mambo yangu yamefikia wapi huko?"

"Natafuta, Mwalimu."

"Si kwamba nina haja. Nauliza tu."

Lakini ameshamwambia karani wa shule, maana karani aliniuliza kama mimi ndiye yule mama wa kitabu cha mtandaoni.

Alhamisi, 28 Machi

Maktaba kuu. Magazeti ya zamani yamejalidiwa kwa mwaka, mazito kama mawe ya kusagia, na chumba chake kinavuja, hivyo wameweka ndoo katikati. Nimekaa na sauti ya ndoo ile saa nzima.

Nimempata. Mwaka wa kwanza wa ubingwa: mstari mmoja, chini ya matokeo ya wanaume, na jina lake wamelikosea. Mwaka wa pili: mistari miwili. Mwaka wa tatu: picha ndogo isiyoonyesha uso.

Nikayapandisha kwenye mjadala. Kifutio akajibu kabla sijavua viatu: "Kutajwa si kuandikwa. Ufutwe." Wengine wawili wakamuunga mkono. Na ana haki. Mimi mwenyewe nimewafuta watu waliokuwa na zaidi ya hapo, nikaenda zangu kunywa chai.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua. Ngoma ikiwa bado inazunguka.

Jumamosi, 6 Aprili

Somo limeahirishwa, barabara ya maghala imejaa maji. Sikujua Jumamosi inaweza kuwa ndefu hivi. Nilikiweka kitanda cha mama upande wa pili wa chumba, kisha nikakirudisha.

Jumanne, 9 Aprili

Nimerudi maktaba. Nilijiambia nitafute mwaka wa nne, kwa nini hakushinda mara ya nne. Afadhali ningebaki nyumbani na mashine zangu.

Mwaka wa nne yuko ukurasa wa mbele. Picha kubwa, uso unaonekana wote, mdomo wazi. Mbio za ubingwa, siku ya mvua, kona ya kushuka mlima. Waliokuwa mbele walikuwa wawili, yeye na mwenzake wa mazoezi. Mwenzake alianguka akagonga ukingo wa daraja, akafa palepale. Bingwa aliendelea, akavuka mstari wa mwisho akiwa wa kwanza, hajui. Ndipo walipompiga ile picha, pale alipoambiwa.

Ubingwa wa mwaka huo ukafutwa, na wiki nzima waliandika. "Alimsukuma?" lilikuwa swali la siku ya pili, kwa herufi kubwa. Siku ya tatu hakuna tena alama ya kuuliza. Wakamhoji baba wa marehemu, wakamhoji jirani, wakamhoji mtu aliyekuwa akichunga mbuzi ng'ambo ya bonde. Miezi miwili baadaye uchunguzi ukatoka: ajali, hakuna aliyesukumwa. Habari hiyo ni mistari minne, ukurasa wa ndani, pembeni ya tangazo la sabuni.

Sasa vyanzo vipo. Ni huru, virefu, na vya magazeti zaidi ya moja. Kwa kanuni zetu, yule mama anastahili ukurasa pasipo ubishi. Hakustahili alipokuwa bingwa mara tatu. Amestahili siku mwenzake alipokufa.

Watu wa maktaba walikuja kufunga. Sikuwa nimeandika hata nukta.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimeendesha vibaya. Nilipanda ukingo, nikamkosakosa kuku.

"Leo uko wapi?" Mwalimu akauliza.

"Niko hapa."

"Mwili uko hapa, nauona. Namuuliza mwenyewe."

Sikumwambia. Aliponishusha akasema binti yake ameagiza keki, na kwamba ameambiwa ajifanye hajui.

Jumapili, 14 Aprili

Kaka amepiga. Nilitaka kumsimulia. Nikaanza, "Kuna mama mmoja ninayemwandika…" akasema, "Dada, hizo kazi zako za bure zitakuzeesha. Unakula lakini?"

Nakula.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimejaribu kuuandika ukurasa kama kanuni zinavyotaka, bila kutia chumvi wala kuficha. Kamusi si kadi ya pongezi: huwezi kuweka vikombe ukaacha kifo. Na kila unachoweka kinachukua nafasi kulingana na kilivyoandikwa. Nikaweka ubingwa, mistari mitatu. Nikaweka ajali, na maelezo ya uchunguzi, na ya baba, na ya mchunga mbuzi. Nilipomaliza nikausoma kwa sauti. Ulikuwa kama hati ya mashtaka. Mtu akitafuta jina la mwalimu wa udereva wa mtoto wake, atakutana na mchunga mbuzi.

Na yule aliyekufa ndani yake anaitwa "mshindani mwenzake".

Jumamosi, 20 Aprili

Nimemwambia.

Ilikuwa inanyesha hadi vifuta vya kioo vinashindwa, akaniamuru nisimame kando, mbele ya duka la vigae lililofungwa. Tukakaa. Vioo vikajaa mvuke. Nikaona kama sisemi sasa, nitaendelea kula Jumamosi za mtu kwa ulaghai.

"Mwalimu, nimeona magazeti ya mwaka wa nne."

Hakugeuka. Alikuwa na kitambaa mkononi, anafuta kioo cha upande wake. Akaendelea kukifuta mpaka kikatakata, kisha kikaingia mvuke tena.

"Nilijua utafika huko," akasema. "Nilijiambia labda yameliwa na panya."

"Uchunguzi ulisema ni ajali."

"Uchunguzi ulisema sikumsukuma. Ni kweli, sikumsukuma." Akakunja kitambaa mara mbili, akakikunjua. "Aliye mbele ndiye macho ya aliye nyuma. Ukiona shimo, unainua mkono, mwenzako anajua. Tulifanya hivyo miaka mitano, kila alfajiri. Siku ile nililiona shimo, limejaa maji. Nikalikwepa. Mkono sikuinua."

Nikazima vifuta vya kioo.

"Watu walikuwa wananiuliza, ulimsukuma? Nasema hapana. Wananiuliza tena, nasema hapana. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama niliinua mkono. Na mimi mwenyewe mpaka leo sijui ni kwa sababu nilichelewa, au ni kwa sababu nilikuwa nataka ushindi. Ningekuwa najua, ningelala."

"Binti yako?"

"Anajua niliacha mbio kwa ajili ya mimba yake. Mimba ilikuja mwaka uliofuata. Kwa hiyo nimembebesha mtoto kitu ambacho hakukifanya."

Lori lilipita, likatumwagia maji, gari zima likatikisika.

"Sasa nieleze wewe, mama wa kanuni," akasema. "Mwenzangu naye atapata ukurasa wake?"

Nilitamani asingeuliza, kwa sababu jibu nilikuwa nalo. "Hapana, Mwalimu. Hakuwahi kushinda. Aliandikwa kwa ajili ya siku ile tu."

"Mimi je, nimeandikwa kwa ajili ya nini?"

Nikashika usukani, ingawa hatukuwa tunaenda popote.

"Yaani aliyekufa hastahili. Aliyebaki anastahili, kwa kuwa mwenzake alikufa." Alilisema taratibu, bila hasira, kama mtu anayesoma kibao cha barabarani kwa mara ya kwanza. "Haya. Siwezi kukuambia andika, maana nitakuwa nautafuta ukubwa kwenye kaburi la mtu. Siwezi kukuambia futa, maana nitakuwa namficha mara ya pili. Fanya unavyojua. Ndiyo kazi yako, si umeniambia?"

Akashuka kwenye mvua, akazunguka, akafungua mlango wangu. "Sogea." Akaendesha yeye mpaka kwangu. Kila kona aliwasha indiketa mapema sana, hata pale ambapo barabara ilikuwa tupu.

Jumamosi, 27 Aprili

Amekuja mwalimu mwingine, kijana anayetafuna ubani. "Mama ana udhuru," akasema. Amenifundisha kurudi nyuma. Saa nzima tumekwenda kinyumenyume.

Jumanne, 30 Aprili

Mjadala umefungwa. Nimeandika hivi: "Imetafutwa maktaba. Hakuna vyanzo vya kutosha kuandika wasifu wa haki. Ukurasa ufutwe." Neno "wa haki" nililiweka, nikalitoa, nikalirudisha. Nilitaka sentensi yangu isiwe uongo mtupu.

Kisha nikabonyeza. Ukurasa wa mtu hufutika upesi kuliko mtu anavyofuta meza.

Nimeacha kiporo cha kazi, nimekaa roshani. Mvua imekuwa manyunyu.

Ijumaa, 3 Mei

Binti ameandika. Nanukuu yote, kwa sababu ninastahili kuisoma tena:

"Mama, shikamoo. Nimeona mlichofanya. Alikuwa anakungoja kila Jumamosi. Alinunua miwani mpya ya kusomea akasema nimwekee, ataivaa siku ya kujisoma. Jana nilipomwambia mmemfuta, alisema 'sawa' akaenda kulala saa kumi na mbili jioni. Mngejua mmemvunja moyo kiasi gani. Kama hamna nafasi ya mtu kama mama yangu, mna nafasi ya nani? Usiku na mchana alitulea peke yake. Asante kwa elimu yako."

Nilianza jibu mara nyingi. Ukweli si wangu kuutoa. Hatimaye nikaandika, "Samahani sana, mwanangu," nikatuma hivyo, pungufu.

Kifutio naye aliandika, kwa mara ya kwanza akiwa na furaha na mimi: "Hongera. Nilidhani utalegea. Kwa kweli hakuwa mtu wa kukumbukwa."

Nilizima kompyuta kwenye ukuta kabisa.

Jumatano, 8 Mei

Nimejiuzulu usimamizi. Hakuna aliyeuliza sababu.

Jumamosi, 11 Mei

Kijana wa ubani tena. Anasema niko tayari kwa mtihani. Nilimuuliza habari za Mwalimu. "Yupo," akasema.

Jumanne, 14 Mei

Siku mbili bila mvua. Mashuka ya mama nimempelekea jirani mwenye mapacha. Aliniuliza kama sina haja nayo. Nikasema sina, na sauti ikatoka sawa.

Jumamosi, 18 Mei

Nilishuka nikidhani ni kijana wa ubani. Alikuwa Mwalimu, amesimama kando ya gari, kofia mkononi.

"Kiti," akasema. "Vioo. Mkanda."

Nikafanya. Akaniambia nitoke mjini. Sijawahi kutoka mjini. Tulipita mashamba yaliyokuwa ya kijani mpaka macho yanauma, na barabara ikaanza kupanda, kisha kushuka, na nilipoona daraja nikajua bila kuambiwa.

"Punguza. Gia ya pili. Simama pale."

Alishuka peke yake. Nikabaki kwenye usukani. Alitembea mpaka ukingoni, akaweka viganja juu ya zege, akakaa hivyo. Pikipiki ilipita, mwenye pikipiki akamsalimia, akaitikia. Aliporudi na kufunga mlango akalitamka jina la mwenzake, jina kamili, la kwake na la baba yake. Mara moja tu. Nimelisikia. Sitaliandika hata hapa.

"Nilikuwa sijaja," akasema. "Miaka yote hii nafundisha watu barabara, hii naizunguka."

"Binti yako ananichukia, Mwalimu."

"Najua. Amenisomea alichokuandikia." Akavuta pumzi. "Nitamwambia mwenyewe. Si leo. Keki ya miaka sitini imebaki kwenye friji, nataka tuimalize kwanza kwa amani."

"Nilikosea?"

Alifikiri kweli, sikumwona akitafuta neno la kunibembeleza. "Sijui. Mimi ningekuwa wewe, nisingejua pia. Ila ulikuja ukaniambia usoni, kabla hujafanya. Wale wa magazeti hakuna aliyekuja." Akavaa kofia. "Geuza gari. Nirudishe nyumbani, nimechoka."

Nikageuza, mara tatu mbele na nyuma, barabara nyembamba. Tulipoanza kupanda akavua viatu, akakunja miguu juu ya kiti, mbali na breki yake ya mwalimu. Nilidhani anaangalia mashamba. Nilipomtupia jicho kichwa kilikuwa kimeegemea dirisha, mdomo umefunguka kidogo, amelala.

Nimeendesha njia yote hiyo mimi mwenyewe. Malori, mbuzi, mzunguko wa kuingia mjini, taa nyekundu, taa ya kijani. Hakuna aliyeniambia neno. Nilipofika kwake nikasimama polepole, gari lisishtuke, nikazima injini. Ndani ya nyumba redio ilikuwa inaimba, na binti alipita dirishani, akatuona, akasimama.

Sikumwamsha mama yake. Nilikaa.